Kadi ya dhahabu haikunifikisha arobaini

Kaka mmoja wa Bremen kaniandikia juzi: "Dada, safari yangu ya Dar imefutwa kwa mgomo wa marubani. Shirika linanipa maili 15,000, zile pointi za kununulia tiketi, kwa kuwa mimi ni mteja wa siku nyingi. Nipokee?"

Nilicheka, halafu nikanyamaza. Swali hilo niliwahi kulijibu mimi, na nililijibu vibaya.

Miaka tisa napeleka sampuli za kahawa ya Mbinga kwa wakaangaji wa Hamburg, na muda wote huo nilipanda shirika moja tu. Nilikuwa naringa, siwafichi. Lebo ya dhahabu, ya wateja wa daraja la juu, naining'iniza nje ya begi, watu waione. Wenzangu wakitafuta tiketi za bei poa za kupitia Addis Ababa, mimi naongeza euro 200 nisipoteze maili.

Akafariki baba mkubwa, Tanga. Maziko niliyakosa, nikaapa arobaini siikosi. Nafika uwanja wa Frankfurt, ubao mzima: imefutwa, imefutwa. Nikaelekea kaunta ya wateja wa dhahabu kifua mbele. Foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ile ya kawaida. Kumbe siku ile sote tulikuwa wa dhahabu! Dada wa kaunta aliitazama kadi, akanirudishia na kuponi ya chakula. Nafasi ya kwanza ilikuwa baada ya siku tatu. Arobaini ilikuwa keshokutwa. Nikasema asante. Ndiyo, nilisema asante, maana mimi ni mtu wao.

Foleni ya pili alikuwepo mwanafunzi wa Moshi, hana kadi yoyote. Anapiga picha ubao, anapiga picha tiketi, anatunza risiti ya maji. Nilimwona mshamba. Usiku uleule aliwang'ang'ania hadi wakampandisha ndege ya shirika jingine, ya kupitia Addis Ababa.

Hitima niliisikiliza kwa simu, nimekaa kitandani hotelini. Mama mkubwa akasema, "Haya mwanangu, kazi ni kazi." Kwa sauti ile ya kwake. Hadi leo inaniuma.

Baada ya wiki mbili ikaja barua pepe ya kunisifu, na maili 20,000. Nikabofya "nakubali". Chini, kwa maandishi madogo, nimekubali pia kutodai kitu kingine. Mwanafunzi alidai, akaingiziwa euro 600 benki. Mimi mwisho wa mwaka nikashushwa daraja kutoka dhahabu hadi fedha, kwa kuwa safari iliyofutwa haikuhesabiwa.

Kwa hiyo nisikilizeni. Kanuni namba 261 ya mwaka 2004 ya Umoja wa Ulaya haiulizi kadi. Safari inayoanzia Ulaya, ya zaidi ya kilomita 3,500, ikifutwa bila taarifa ya wiki mbili, fidia ni euro 600, na ni fedha taslimu. Vocha ni mpaka wewe mwenyewe usaini. Watakwambia mgomo ni dharura. Machi 2021, katika kesi ya mgomo wa marubani wa SAS, shirika la ndege la Skandinavia, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya ilisema mgomo wa wafanyakazi wa shirika lenyewe wa kudai maslahi si dharura ya kulikwepesha shirika fidia. Wakigoma waongoza ndege au walinzi wa uwanja, hapo ni habari nyingine, ila chakula, hoteli na safari mbadala ni haki yako vilevile.

Ukitokea Dar kwa shirika lisilo la Ulaya, kanuni hii haikuhusu. Ukiondokea Frankfurt inakuhusu, hata ukipanda la Doha au Istanbul.

Na acheni haya za kijinga, ndugu zangu! Mnaona aibu kudai kwa sababu mmewahi kunywa juisi ya bure kwenye lounji, ule ukumbi wa wateja wa kadi. Juisi ile mliilipia.

Kaka wa Bremen, kama hujabofya, usibofye. Kama umeshabofya, nitumie hiyo barua pepe niyasome maandishi madogo. Siku hizi nayasoma.