Bakteria wa tope la Kivu: ni spishi mpya?
Dada, unasema bakteria uliyemtoa kwenye tope la ufuo wa Ziwa Kivu hapa Bukavu anafanana na jamaa yake wa karibu kwa asilimia 98,2 kwenye jeni ya 16S, ile inayotumika kulinganisha bakteria. Hiyo iko chini ya 98,7, mpaka wa kushuku spishi mpya, kwa hiyo dalili ni nzuri kabisa! Ila usimpe jina bado. Fanya ADN yake nzima isomwe, uilinganishe na ya kielelezo rasmi cha huyo jamaa: wastani wa mfanano wa ADN hizo mbili ukishuka chini ya asilimia 95, ni spishi nyingine. Umbo, chakula na joto analopenda utaeleza pia. Kinachochelewesha ni kuhifadhi bakteria hai katika hazina mbili za vijidudu, za nchi mbili tofauti, ndipo jina likubaliwe. Vibali vya kumsafirisha anza kuviomba wiki hii.