Kabla hujapaa, jua utarudije

Juzi nimekaa mchangani nasubiri upepo upande, nikawaona watatu mfululizo wakiingia majini na wingifoili zao (bawa la kushika mikononi, na ubao wenye foili, yaani mlingoti na mapezi chini yake yanayouinua juu ya maji) kama mtu anayeingia bafuni. Wa kwanza kabeba ubao foili imemwelekea muundi. Wa pili hajafunga kamba ya bawa, inaburuta nyuma yake kama mkia. Wa tatu alikuwa sawa kila kitu, ila kachukua bawa la mita 6 za mraba siku ambayo sisi wengine tulikuwa tunajiuliza kama mita 4 haitazidi.

Wadogo zangu, siwacheki. Nawacheka kidogo. Makosa hayo yote nimeyafanya mwenyewe, mengine mara mbili, na moja lilinifikisha mahali sitaki mwingine afike. Najua mnakuja hotelini wiki moja, mmeshalipia, na siku ya tatu mnataka kupaa. Mchezo wenyewe bado mchanga pia: mabawa haya ya kujaza kwa pampu yalianza kuonekana madukani mwaka 2019, kwa hiyo hata hao mnaowaona wakipita kama ndege walikuwa wanameza maji ya chumvi juzi tu. Basi tusaidiane.

1. Bawa kwanza, ubao baadaye

Saa ya kwanza yote iishie mchangani. Shika mshikio wa mbele peke yake uone bawa linavyolegea na kupepea. Bendera hufuata upepo, na bawa likishageuka bendera halikuvuti tena. Hiyo ndiyo breki yako, nyingine huna.

Nina rafiki, mtu mzima na kazi yake ya heshima, alilidharau zoezi hili kwa sababu watoto wa wageni walikuwa wanamtazama. Akaingia majini, upepo ukamkuta, mwili ukafanya kile unachofanya ukiogopa: akakaza mikono yote miwili. Ukikaza, bawa linavuta. Likivuta, unakaza zaidi. Tulimkuta kwenye kamba ya waogeleaji amekumbatia boya kama ndugu aliyepotea. Achia mkono wa nyuma. Wa nyuma, jamani, sio wa mbele.

2. Ubao mkubwa si aibu

Chukua uzito wako kwa kilo, ongeza 40, hizo ndizo lita zako. Mwenye kilo 80 apande lita 120. Kila msimu anakuja kijana wa kilo 80 na ubao wa lita 85 kwa sababu ndio aliouona kwenye video. Anapiga magoti juu yake, ubao unashuka, yeye anashuka nao, maji yanafika kifuani, naye bado anatazama mbele kwa heshima zote kama nahodha asiyetaka kuiacha meli.

3. Foili ni kisu

Ubao unabebwa umepinduliwa, foili juu, na haugeuzwi mpaka maji yapite kiuno. Mlingoti, ile nguzo kati ya ubao na mapezi, mara nyingi ni sentimita 75 au zaidi, na bahari haikai mahali pamoja: fungu la mchanga ulilolipita asubuhi bila kulijua liko palepale mchana, ila maji yamekupwa. Siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, ndio usiseme. Foili ikigusa mchanga ubao husimama, wewe unaendelea na safari.

Ukianguka, anguka kwa ubavu, bapa, mbali na ubao, na usipige mbizi. Helmeti haivaliwi kwa sababu ya maji. Inavaliwa kwa sababu ya ubao unaokuja nyuma yako.

4. Upepo unatoka wapi

Hapa nikae kidogo.

Ilikuwa siku yangu ya nne. Kocha alisema mchana tupumzike, upepo umegeuka. Mimi nikalisikia hilo kama taarifa ya hali ya hewa, sio kama katazo. Nikala, nikashuka ufukweni, nikaiona bahari ambayo siku tatu zote sikuwa nimeiona: maji yamelala kama shuka iliyopigwa pasi. Siku tatu nilikuwa narushwa na viwimbi hata kupiga magoti ni taabu, na sasa bahari imejitandika yenyewe. Nikaona ni bahati yangu.

Wajuzi mmeshaelewa. Maji yalikuwa yamelala kwa sababu upepo ulikuwa unatoka nchi kavu. Upepo wa namna hiyo ukiwa ndio kwanza unaingia baharini haujapata nafasi ya kuinua wimbi. Mawimbi yako mbele huko, na kutoka ufukweni unayaona migongo tu. Tena jengo la hoteli, na ghorofa zake, lilikuwa limeukinga. Pale mchangani nilihisi kama noti 10 (kipimo cha kasi ya upepo, sio za pochi). Nikaenda bandani nikachukua bawa la mita 6, kubwa kuliko yote. Kijana wa banda akaniuliza, "Kaka, kocha anajua?"

Nikamwambia, "Anajua."

Neno hilo moja linaniuma mpaka leo kuliko yote yaliyofuata.

Kama mita 100 kutoka ufukweni kinga ya jengo iliisha. Nguvu ya upepo haipandi ngazi moja moja, inakwenda kwa mraba wa kasi. Kutoka noti 12 kufika 17 ni noti 5 tu ukisoma kwenye simu, lakini mikononi ni mara mbili. Hesabu hiyo sikuwa nayo. Nilichokuwa nacho ni ubao ulioanza kukimbia, kisha ghafla ukanyamaza. Mliopaa mnaujua ukimya ule. Ile kelele ya maji yanayopiga tumbo la ubao inakatika kama mtu kazima redio, na unajikuta uko juu, chini yako kuna upana wa kiganja wa hewa, halafu bahari. Sekunde tano. Nikaanguka nacheka peke yangu kama mwehu. Nikapanda tena, sekunde kumi. Tena. Kila mara nikielekea huko upepo unakokwenda, maana ndiko pekee nilikokuweza. Kwenda joshi, yaani kurudi upande upepo unakotoka, lilikuwa somo la siku ya tano.

Nilipogeuka kuitafuta hoteli, miavuli yake ilikuwa saizi ya vifungo vya shati.

Nikapiga magoti nikajaribu kwenda bisho, yaani kukabili upepo kwa mshazari, huku na huku. Ubao usiopaa, bawa limezidi, anayeliendesha hajui: ukienda kushoto unateremka na upepo, ukigeuka kulia unateremka zaidi. Baada ya mizunguko minne au mitano nilikuwa mbali kuliko nilipoanzia. Kisha mikono. Ilianza kwenye vidole, ikapanda mpaka viwiko, na kuna wakati mkono wa kulia ulifunguka wenyewe bila kuniuliza. Niliutazama kama wa mtu mwingine.

Ikapita boti ya watalii, labda mita 200. Nikapunga mkono. Wakapunga. Nikapunga kwa nguvu zaidi. Mama mmoja akasimama kabisa, akavua kofia akanipungia nayo, na mtoto aliyekuwa pembeni yake akanipiga picha. Wakaenda zao wakiwa wamefurahi.

Mkono mmoja ni salamu. Anayeomba msaada baharini hunyoosha mikono yote miwili ubavuni, akaipandisha na kuishusha polepole, tena na tena. Ishara hiyo imo kwenye kanuni za kimataifa za kuzuia vyombo kugongana baharini. Nililijua hilo? Nilikuwa nimelisikia siku ya kwanza, mchangani, wakati nikijaribu miwani ya jua.

Jambo moja nililifanya sawasawa, nalo sikulifanya kwa akili, nililifanya kwa kuchoka. Sikuuacha ubao. Nililala kifudifudi juu yake, bawa likielea kando kwenye kamba yake, nikabaki hapo. Mtu juu ya ubao anaonekana. Kichwa cha mtu anayeogelea hakionekani, na aliyeamua kuogelea dhidi ya upepo wa nchi kavu anamaliza nguvu zake kabla hajamaliza nusu ya njia. Nilikuwa nahesabu mawimbi. Nilifika mia tatu na kitu nikapoteza hesabu, nikaanza upya.

Aliyekuja ni kijana wa banda. Yeye ndiye aliyehesabu mabawa, akaona moja halijarudi, akachukua boti. Hakunigombeza. Alinivuta kwa ile kamba ya mgongoni ya jaketi la uokozi kama anavyovutwa samaki mkubwa asiye na thamani, akapandisha ubao, akafungua valvu ya bawa. Lilitoa upepo kwa muda mrefu sana, fyuuuu, sisi wawili kimya. Akalikunja taratibu. Halafu ndipo akanitazama.

"Kaka," akasema, "kocha anajua?"

Basi: simama mchangani, tazama bahari, mwaga mchanga kidogo kutoka kiganjani. Mchanga ukirudi nchi kavu au ukienda sambamba na ufuko, tuongee. Ukielekea baharini, nenda kalale. Na maji yakikupendeza mno, uliza kwa nini.

5. Mguu wa mbele

Ubao ukipanda, wote mnaogopa na mnaegemea nyuma. Ukiegemea nyuma unapanda zaidi, foili inatokeza juu ya maji, inameza hewa, na safari imeisha. Bonyeza mguu wa mbele, tazama upeo wa bahari. Ukitazama miguu yako utaifuata iliko, na miguu iko chini.

6. Ukubwa wa foili

Pezi la mbele liwe kubwa, sentimita za mraba 1,800 hivi, linapaa mapema na halina hasira. Mapezi membamba waachieni wanaojua.

7. Skrubu

Suuza foili kwa maji baridi yasiyo na chumvi, fungua skrubu, paka grisi. Kaboni, alumini na chuma cha pua vikikaa pamoja kwenye chumvi vinashikana. Mlingoti wangu wa kwanza ulifunguka kwa nyundo na matusi.

Na mkifunga, angalieni pezi la mkia. Lina juu na lina chini, na ukilitazama haraka huoni tofauti. Mimi asubuhi nzima niliulaumu upepo, nikalaumu bawa, nikamlaumu aliyenipa ubao, mpaka mtoto wa miaka kama kumi, mtoto wa mgeni, akaja akainama akasema, "Mjomba, hii si iko kichwachini?" Nikamwambia najua, nalijaribu tu. Hakuniamini, na alikuwa sahihi.

Nilitaka kuandika pia kuhusu kugeuka bila kuanguka, lakini upepo umeshapanda, noti 15 safi, unatoka ubavuni, na ninaona watu wanakimbilia maji. Wewe wa helmeti nyekundu, ndiyo, wewe. Njoo hapa na bisibisi.

Pezi la mkia hilo.