Sinthesaiza ya mezani au yenye kinanda: ipi ya kupanda nayo jukwaani?

Wapiga kinanda wengi huniuliza swali hili wakiwa wameshaipenda sauti ya sinthesaiza fulani, yaani mashine ya umeme inayotengeneza sauti zake yenyewe. Wameisikiliza, wameitamani, kisha wanagundua inauzwa kwa sura mbili: moja ina vibonyezo vyake, nyingine ni kiboksi cha kuweka mezani chenye nobu tupu, vile vidude vya kuzungusha. Kiboksi kwa kawaida kina bei nafuu, ni chepesi, na sauti ni ile ile. Sasa kwa nini mtu alipie vibonyezo?

Kwa anayerekodi chumbani mwake, mara nyingi hana haja ya kuvilipia. Studioni hakuna anayekukimbiza. Waya ukigoma unachukua mwingine, unakunywa maji, unaanza upya. Jukwaani bendi iliyotangulia bado inatoa drams zake, fundi mitambo anakuonyesha saa, na taa ziko machoni. Nimepiga kwenye bendi kwa miaka nikitumia aina zote mbili, na msimamo wangu ni kwamba mashine inayobeba nyimbo zenu iwe na vibonyezo vyake yenyewe. Ya mezani iwe ya pili, pembeni ya kinanda ambacho ungekibeba hata hivyo.

Sababu ni hesabu ndogo ambayo unaweza kuifanya sasa hivi. Taja kila kitu kilichopo kati ya kidole chako na mixa. Kwa sinthesaiza yenye kinanda ni mashine yenyewe, waya wa umeme na waya wa jeki. Kwa ya mezani unaanza na kinanda cha kuongozea, kile kinachokituma kiboksi kipige, na umeme wake, unakuja waya wa MIDI unaopeleka amri za vidole, halafu kiboksi na adapta yake, ndipo ufike kwenye jeki. Bado hujaongeza mambo yasiyoonekana kwa macho, kama vile kinanda kinatuma kwenye chaneli ipi kati ya zile 16, na kiboksi kinasikiliza ipi. Kila kimoja ni rahisi. Vyote kwa pamoja, gizani, huku mpiga drams ameshaanza kuhesabu, ni habari nyingine.

Nikueleze kisa kimoja. Tulikuwa katikati ya wimbo wa polepole, mkono wa kushoto nimeshikilia kodi ndefu, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, mwimbaji akarudi nyuma kumpisha mpiga solo. Kisigino chake kikanasa waya wa MIDI, ukachomoka. Ungetarajia kimya. Badala yake kodi ile ikaendelea kulia. Nikaachia vibonyezo, inalia. Nikabonyeza vingine, inalia vile vile. Bendi ikahamia kodi nyingine, mimi sauti yangu imeganda palepale, na mpiga besi ananitazama kana kwamba nimeamua kumkomoa.

Waya wa MIDI haubebi sauti. Unabeba ujumbe tu: noti hii imebonyezwa, noti hii imeachiwa. Ujumbe wa kwanza ulishafika kwenye kiboksi, wa pili haukuwahi kufika, kwa hiyo chenyewe kiliamini bado nimeshikilia. Baadhi ya vinanda hutuma ishara ndogo kila baada ya muda mfupi kukijulisha kiboksi kwamba bado vipo, na ishara hiyo ikikatika, kiboksi chenye kuielewa hujinyamazisha. Lakini si vyote vinavyoituma, na si vyote vinavyoisikiliza. Kwenye mashine yenye vibonyezo vyake tatizo la waya huo halipo kabisa, kwa kuwa hakuna waya wa kuchomoka.

Ukiamua kutumia ya mezani, basi ujue nobu yake ya sauti ilipo bila kutazama, na uzungushe waya wa MIDI mara moja kwenye mguu wa stendi kabla haujafika kwenye tundu. Plagi ile ya pini tano haina kufuli. Waya ukivutwa, stendi ndiyo inayovutwa kwanza.

Pedali ya kuvutisha sauti nayo ina vituko vyake. Watengenezaji hawakuwahi kukubaliana pedali ikikanyagwa saketi ifunge au ifunguke. Kwa hiyo pedali ya kampuni moja kwenye kinanda cha kampuni nyingine inaweza kufanya kazi kinyume: ukikanyaga sauti inakatika, ukiachia inaendelea. Vinanda vingi huipima pedali wakati vinawashwa, hivyo usiweke mguu juu yake unapowasha. Kwenye mpangilio wa mezani pedali huchomekwa kwenye kinanda cha kuongozea, na amri yake husafiri kwa MIDI hadi kwenye kiboksi. Hakikisha kiboksi chako kinaipokea kabla ya siku ya onyesho. Vingi hupokea. Hakikisha tu.

Tena kuna uzito wa kidole. Mashine yenye kinanda chake imetengenezwa ili vibonyezo na sauti vielewane, ukigonga kwa nguvu filta, sehemu inayochuja ukali wa sauti, inafunguka kadiri fundi wake alivyokusudia. Kinanda cha kuongozea hakijui umekiunganisha na nini. Nguvu ya kidole hutumwa kama namba, kuanzia 1 hadi 127, na kila kinanda kina namna yake ya kuihesabu. Kuna kinanda ambacho hata ukikitwanga hufiki 110. Yamaha DX7 ya mwaka 1983, mashine iliyosikika kwenye nyimbo nyingi kupita kiasi, inajulikana kwa ubahili huo: ukiitumia kuongoza kiboksi cha kisasa utaona sauti inabaki imenuna. Vinanda vingi vya leo vina mpangilio wa kubadilisha mguso. Kaa navyo, piga polepole, piga kwa hasira, mpaka sauti laini na sauti kali zote zipatikane bila kujilazimisha.

Wauzaji husema ni mashine ile ile, tofauti ni vibonyezo. Mara nyingine ni kweli. Prophet-6 ya Sequential, ya mezani na yenye kinanda, zote zinapiga noti sita kwa pamoja na sauti haina tofauti. Lakini tazama kampuni ya Novation: Peak, ya mezani, ina noti nane. Summit, yenye vibonyezo 61, ina 16, na unaweza kuigawa sauti mbili tofauti, moja kushoto na moja kulia. Hiyo ni kama Peak mbili ndani ya sanduku moja. Kwa mpiga bendi anayetaka mkono wa kushoto ushike sauti nzito ya kutandaza chini ya wimbo na wa kulia ucheze melodia, tofauti hiyo ni kubwa kuliko vibonyezo vyenyewe. Waldorf Blofeld nayo, toleo la kinanda lilikuja na nafasi ya kuingizia sampuli zako, yaani vipande vya sauti ulivyorekodi, lakini la mezani lilihitaji leseni ya kununua kando. Hydrasynth ya ASM wao walifikiria upande wa pili: toleo la mezani lina pedi 24 za kugonga zinazohisi mkandamizo wa kila kidole peke yake, kwa hiyo si bubu kabisa likiwa halina kinanda.

Soma orodha ya sifa mstari kwa mstari. Ya mezani mara nyingi inakosa gurudumu la kupindisha noti na la kutikisa sauti, na hutayakumbuka hadi ufike kwenye kipande cha solo kinachoyahitaji. Kinanda cha kuongozea huwa nayo, lakini hakikisha yako upande ambao mkono wako umezoea, maana baadhi wameyaweka juu ya vibonyezo badala ya kushoto.

Kuhusu vibonyezo vyenyewe, usidanganywe na neno "kinanda" kwenye tangazo. Minilogue xd ya Korg ina vibonyezo 37, na ni vyembamba. Oktava tatu za vibonyezo vyembamba zinatosha kupiga mstari wa besi au melodia fupi. Ukitaka mikono miwili ifanye kazi, hazitoshi, na vidole vilivyozoea upana wa kawaida vitakosea kwenye miruko. Kwa mashine ya namna hiyo, mimi ningechukua toleo lake la mezani bila kusita na kulipigia kwenye kinanda kizuri. Hapa ndipo msimamo wangu unapolegea: vibonyezo vibovu ni vibaya kuliko kukosa vibonyezo.

Upande mwingine, kama kinanda chako cha kuongozea ni cha 88 chenye uzito wa piano, jaribu kukipiga kwa kasi sauti za sinthesaiza kabla hujaamua. Mstari mwepesi wa noti za haraka, au kutelezesha kiganja juu ya vibonyezo kama wapiga ogani, kwenye vibonyezo vizito ni adhabu. Nimeona watu wenye mikono mizuri sana wakaonekana wazembe kwa sababu hiyo tu.

Sasa ya mezani inashinda wapi?

Inashinda pale ambapo tayari unabeba kinanda cha piano cha jukwaani na huna nguvu wala nafasi ya kinanda cha pili. Gari limejaa, jukwaa ni dogo, stendi ya ngazi mbili inakufanya upige mikono ikiwa juu kama unaning'inia. Kiboksi unakiweka upande wa kulia wa kinanda, ukakiinamisha kidogo nobu zikutazame, na mkono wa kulia unafungua filta huku wa kushoto unapiga. Gawa kinanda chako sehemu mbili: oktava za chini zitume chaneli ya 2 iendayo kwenye kiboksi, za juu zibaki na piano. Vinanda vingi vya jukwaani vinafanya hivyo, na vinaweza pia kutuma namba ya kubadilisha programu, ili ukichagua wimbo kwenye kinanda, kiboksi nacho kiruke kwenye sauti yake. Ukishapanga vizuri, unabonyeza mara moja tu kati ya wimbo na wimbo.

Inashinda pia kwa asiye mpiga kinanda. Mpiga besi anayetaka sauti nzito ya sinthesaiza kwenye nyimbo chache hahitaji vibonyezo, anahitaji kitu cha kuchochea noti kwa mguu. Moog walilijua hilo tangu miaka ya 1970 walipotengeneza Taurus, sinthesaiza ya besi inayopigwa kwa pedali za miguu. Minitaur yao ya mezani imetoka kwenye ukoo huohuo, na ukiiunganisha na pedali za MIDI mikono inabaki kwenye gitaa.

Jambo la mwisho ni onyesho ambalo waandaaji wanakuwekea kinanda chao. Wapigaji wengi hufurahi: nabeba kiboksi kwenye begi, nachomeka, napiga. Inawezekana, ila uliza mapema kinanda hicho kina tundu gani. Vinanda vingi vya siku hizi vina USB pekee, na USB ya kinanda haiongei moja kwa moja na USB ya kiboksi. Vyote viwili vinasubiri kompyuta ya kuviamuru, ukiviunganisha vinatazamana tu. Utahitaji kifaa kidogo cha kati kinachoshika nafasi ya kompyuta, chenye adapta yake, ambayo nayo inataka soketi. Kama kiboksi chako kina tundu la MIDI la jeki ndogo ya milimita 3.5, fahamu kuna mipangilio miwili ya nyaya, A na B. Inafanana kwa nje na haifanyi kazi ukichanganya. Mwaka 2018 aina ya A ndiyo iliyopitishwa kuwa ya kufuatwa, lakini mashine za zamani zenye B bado zimejaa mikononi mwa watu.

Usipoletewa jibu lililo wazi kuhusu tundu, beba kinanda chako kidogo cha kuongozea chenye pini tano hata kama ni cha vibonyezo 25. Waya usiozidi mita 15 unatosha, na miunganisho ya pini tano hutenganisha umeme wa mashine mbili kwa mwanga, kwa hiyo ule muungurumo unaoingia ukichanganya kompyuta, chaja na mixa hautapitia hapo. Chukua pia adapta ya akiba ya kiboksi, na uiandike kwa kalamu ya wino mzito volti zake na upande gani wa plagi ni chanya. Adapta nyeusi zinafanana zote zikiwa sakafuni, na ile isiyofaa inaweza kuingia kwenye tundu bila tabu yoyote.