Filta ya Juno-60 kwenye modyula: usihangaike na chipu, angalia signo unayoiingiza

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Dar, nina Juno-60, ile sinthesaiza (kinanda cha umeme) ya Roland, ambayo mjomba alikuja nayo kutoka Ujerumani na ile filta yake, yaani saketi inayokata sauti kali za juu, imeniteka kabisa. Nataka nitengeneze modyula ya Eurorack (zile sehemu za sinthesaiza unazofunga pamoja kwenye keisi moja) yenye filta kama ile. Chipu yake ya filta, IR3109, nimeona bei yake siiwezi, nikaanza na chipu nyingine, LM13700, kwenye bredibodi (bodi ya majaribio isiyohitaji kuchomea), sauti inatoka ila inakwaruza, na nikipandisha rezonansi (ile inayokuza sauti pale filta inapoanza kukata) besi yote inaondoka. Nakosea wapi? Na je bila IR3109 nitafika kweli?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Utafika, na uko karibu kuliko unavyodhani. Ila kwanza nenda kwenye Juno ya mjomba, zima korasi (ile efekti inayofanya sauti moja isikike kama nyingi), afu cheza upya ile sauti uliyoipenda. Nasema hivi kwa sababu watu wengi wanaipenda Juno wakidhani ni filta kumbe nusu ya ule utamu ni korasi, na korasi huwezi kuipata kwenye filta hata ukeshe. Ukizima na bado unaipenda, basi twende kazi.

IR3109 ndani yake hakuna muujiza. Ni OTA nne, yaani zile ampu ambazo badala ya kutoa volti zinatoa karenti, na ukubwa wa hiyo karenti unauongoza wewe kwa karenti nyingine ndogo, kila moja ina kapasita yake na bafa yake (ampu ya kuitenganisha na inayofuata), na hiyo ndo hatua moja ya filta, afu kuna saketi ya kubadilisha volti ya kibodi iwe karenti. Roland wameitumia kwenye Jupiter-8 ya 1981, Juno-60 na SH-101 za 1982, na ukivisikiliza hivyo vinanda vitatu havifanani, ingawa chipu ni ile ile. Hapo ndo ujue sauti inatoka kwenye vile vitu vinavyoizunguka chipu. LM13700 ina OTA mbili, kwa hiyo chipu mbili zinakupa hatua zako nne, ya tatu nusu yake inafanya rezonansi na nusu inayobaki ifanye VCA, yaani ampu ya sauti inayoongozwa na volti.

Sasa kukwaruza. OTA inapenda signo ndogo sana, milivolti 10 hivi bado iko safi, ukifika 40 imeshaanza kupinda wimbi, na Eurorack wewe unaleta volti 10 kutoka bonde hadi kilele, yaani 5 juu na 5 chini. Weka kila hatua rezista ya 68k ya kuingilia na ya 560 ohm kwenda graundi, hapo umegawanya kwa 122 hivi, kapasita weka 240pF. Piga hesabu uone: volti 5 ukigawa kwa 122 unapata milivolti 41, tayari umeshaingia kwenye uchafu. Kwa hiyo kabla ya hatua ya kwanza weka opampu (ampu ya kawaida ya chipu) inayopunguza signo mara nne au tano, afu mwishoni uirudishe juu kwa kiasi kile kile. Usipunguze kupita hapo, maana utaanza kusikia mvumo kama redio isiyoshika stesheni. Mi pale mbele huwa naweka potenshomita, ukitaka safi unashusha, ukitaka iungurume kidogo unapandisha, na ile nafasi ya katikati ndo inapokaa utamu wenyewe.

Bafa usitumie zile za ndani ya LM13700, zinasogeza volti chini kwa zaidi ya volti moja na kila hatua itakurithisha balaa la hatua iliyotangulia. Tumia TL074 moja, ina opampu nne, zinatosha bafa zote.

Kuhusu kapasita nikwambie kitu kilichonitesha mwenyewe. Filta yangu ya kwanza ya aina hii niliweka kapasita za seramiki za X7R kwa sababu ndo zilikuwa kwenye droo, saketi ikafanya kazi, ila nikigonga bodi kwa kucha nasikia "tok" kwenye spika, na rezonansi ikipanda sauti inakuwa na ukakasi ambao sikuuelewa wiki nzima. Zile kapasita zinabadilika thamani kadiri volti inavyobadilika, na zinashika mtikisiko kama maikrofoni. Nikang'oa zote nikaweka C0G, seramiki za aina isiyobadilika hivyo, ukakasi ukaisha siku hiyo hiyo. Gonga na ya kwako usikie.

Besi kupotea ni hesabu tu, hujakosea waya. Hatua nne, kila moja pale kwenye kikomo cha filta (masafa inapoanzia kukata) inachelewesha wimbi nyuzi 45, jumla 180, na inapunguza signo mpaka ibaki robo, kwa hiyo ili filta ianze kupiga mluzi yenyewe lazima uitoe mwishoni na kuirudisha mwanzoni ikiwa imekuzwa mara nne, na huo mrudisho ndo rezonansi yenyewe. Ukirudisha mara nne kwa kinyume, besi inabaki moja ya tano, desibeli 14 zimeondoka. Dawa ni kwamba ile OTA ya rezonansi usiipe mrudisho peke yake, mguu wake wa pili upe signo ya kuingilia, ili rezonansi ikipanda na signo ipande nayo. Usiipe yote, maana hatua ya kwanza itaelemewa na utarudi kule kule kwenye kukwaruza. Nusu inatosha, hapo unapoteza desibeli 4 na kitu tu, sikio linaridhika.

Afu joto, na kwa Dar hili usilidharau. Saketi ya volti kwenda karenti inategemea kwamba milivolti 18 kwenye transista ni oktavi moja, na hiyo 18 inabadilika na joto. Umetuni asubuhi nyuzi 24, mchana chumba kiko 34, ukicheza oktavi tano juu filta imeshahama karibu noti mbili nzima za kibodi, nyeusi ukizihesabu. Weka rezista ya joto ya ppm 3300 (thamani yake inapanda asilimia 0.33 kwa kila nyuzi moja) kwenye kigawanyo cha volti cha saketi hiyo, na igusane na transista zake mbili, gundisha kabisa, ikikaa sentimita tatu pembeni haina kazi.

Kutuni ni rahisi, fungua rezonansi mpaka filta ipige mluzi, washa programu ya kutunia gitaa kwenye simu, leta mluzi kwenye 220, ongeza volti 1 kamili uone kama inakuja 440, ongeza nyingine 880, zungusha trima (potenshomita ndogo ya kurekebishia) mpaka zikae. Fanya baada ya saketi kuwaka nusu saa. Na kabla ya kuchomeka kwenye keisi weka diodi za ulinzi kwenye plas 12 na mainasi 12, utepe wa waya za umeme ukigeuzwa mara moja tu chipu zote zinaondoka.

Anza na hatua moja, pima volti ya kutoka bila signo iwe karibu na sifuri, ndo uongeze ya pili. Ikikwama nitumie picha ya wimbi kwenye kila bafa, nitaona imepindia wapi.