Si lazima upange thamani za kete kwa mkono

Ndugu, umeuliza utajuaje kete ya mfalme ina thamani gani kwenye programu yako ya drafti. Usikisie, iache ijitafutie. David Fogel na Kumar Chellapilla walifanya hivyo mwishoni mwa miaka ya 1990: mitandao ya neva 30 (fomula za kompyuta zinazokadiria nani anaongoza ubaoni) ilichezeshwa yenyewe kwa yenyewe, ushindi pointi 1, sare 0, ukifungwa unakatwa 2. Iliyo bora 15 ilibaki, kila mmoja ukazaa nakala iliyobadilishwa kidogo kwa bahati nasibu. Baada ya vizazi 840 wakapata programu ya Blondie24, iliyowatoa jasho wachezaji wazuri mtandaoni.

Ila usipime kwa mechi mbili tatu, utabakiza wenye bahati tu (mimi yalinikuta). Na programu yako bado inahitaji kuangalia hatua za mbele; mageuzi haya ya kubakiza bora na kuzibadilisha yananoa tu tathmini ya ubao, yaani kukadiria nani anaongoza.