Jibu: Aliyezaliwa Januari 2008 anaruhusiwa kucheza U19 mwaka 2027?

Salaam ndugu. Hofu yako ni kwamba mpwa wako, mzaliwa wa Januari 2008, atakuwa ameshatimiza miaka 19 Kombe la Dunia la kikapu la wasichana U19 (wasiozidi miaka 19) la 2027 likifika. Bado anaruhusiwa. FIBA, shirikisho la kikapu duniani, huangalia mwaka wa kuzaliwa, siyo siku. Ndiyo maana kombe la 2025 kule Brno, Czechia, walicheza waliozaliwa kuanzia 1 Januari 2006.

Kwanza linganisha pasipoti na cheti cha kuzaliwa. Tarehe zikigongana, rekebisha sasa hivi. Kisha kuna AfroBasket ya U18, mashindano ya Afrika ya kufuzu Kombe la Dunia, mwaka mmoja kabla. Hicho ndicho kisiki chenyewe: Afrika hupata nafasi mbili tu, na Mali, walioshika nafasi ya nne duniani 2021, hawaachii kirahisi.