Je, roho yangu hutoka na kuzunguka mjini? Jibu kwa kijana wa Mwaloni

SWALI: Assalamu alaykum, sheikh. Mimi ni kijana wa miaka thelathini, mbeba mizigo katika soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Usiku tunapakua magunia ya dagaa, mchana nalala katika chumba nilichopanga Mabatini. Marehemu baba yangu alikuwa ndani ya meli ya MV Bukoba iliyozama ziwani mwaka 1996 na mwili wake haukupatikana. Wakati huo mimi nilikuwa bado nanyonya. Miezi michache iliyopita rafiki yangu alinitumia kwenye simu sauti ya ngoma, pamoja na maelezo kutoka Marekani ya namna ya kuisafirisha roho. Nalala chali, naweka hedifoni, nawaza kwamba naingia kwenye kalavati chini ya daraja la Mto Mirongo, kisha natokea mjini. Huwa ni usiku hata kama kwetu ni mchana. Makoroboi ni kutupu, maduka yamefungwa, na vibarazani wamekaa watu nisiowajua wananitazama bila kusema. Kila mara naishia ufukweni, mkabala na Jiwe la Bismarck, na hapo namkuta baba amesimama, amevaa shati la mistari lile lile la kwenye picha pekee tuliyo nayo. Mara ya tatu alinitajia jina la utani ambalo mama alikuwa akimwita, na nilipomuuliza mama alilia, akasema ni kweli. Safari ya mwisho nilishindwa kurudi: macho yamefunguka, naiona dari, lakini mwili hausogei na kitu kimenikalia kifuani. Mganga mmoja ameniambia baba hajapumzika, nipeleke mbuzi mweupe ziwani. Je, ni roho yangu inayotoka? Yule ni baba? Naweza kuendelea?

JIBU: Wa alaykumu salam warahmatullahi wabarakatuh. Himdi zote ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, Aali zake na Maswahaba zake. Ama baada ya hayo, mwanangu, nimelisoma swali lako mara kadhaa kabla ya kushika kalamu, kwa sababu nimeona ndani yake mtoto anayemtafuta baba yake, na mtu wa namna hiyo hastahili kutupiwa neno moja la "haramu" kisha akaachwa mlangoni.

Nianze na roho. Allah amesema katika Suratul Israa kwamba roho ni katika mambo ya Mola wetu, na kwamba sisi hatukupewa elimu ila kidogo. Kisha katika Suratuz Zumar, aya ya 42, akatufunulia kiasi tunachokihitaji: Yeye ndiye azichukuaye roho wakati wa mauti, na zile ambazo hazijafa huzichukua usingizini, akaizuia ile aliyoihukumia mauti na kuirudisha nyingine mpaka muda uliowekwa. Itazame aya hiyo vizuri utaona kwamba mwenye kuichukua roho ni Allah na mwenye kuirudisha ni Allah. Hakuna mahali ambapo mja amepewa ufunguo wa kuifungulia roho yake itoke saa anayotaka, ipite njia anayoitaka na irudi ngoma inapobadilisha mapigo. Kwa hiyo yule anayekufundisha kwamba unaitoa roho yako mwenyewe amedai mamlaka asiyokuwa nayo, hata kama anadai kwa lugha tamu.

Na ni vyema ujue mafundisho hayo yametoka wapi. Mtu aliyeyaeneza zaidi katika zama zetu ni Michael Harner, mwanaanthropolojia wa Marekani, ambaye mwaka 1979 alianzisha taasisi ya kuyafundisha. Alichukua desturi za waganga wa makabila mbalimbali, hasa wale wanaoitwa "shaman" kwa neno lililotoka kwa Waevenki wa Siberia, akaziondoa katika mila zake na kubakisha mbinu: ngoma ya mapigo yapatayo 200 au zaidi kwa dakika, mtu kulala akiwa amefumba macho, kuwaza tundu la kuingilia chini ya ardhi, kisha kukutana na mnyama au mwalimu wa kiroho na kumuuliza maswali. Mtu wa kijijini hupewa pango au shina la mti, na wewe wa mjini umejitafutia kalavati. Lakini lengo halikubadilika, nalo ni kuwaendea viumbe wa ghaibu na kuwataka habari na msaada. Jambo hilo si geni kwetu. Watu wa ukanda huu wa ziwa walikuwa na majina yao kabla ya simu na kabla ya hedifoni: Wasukuma walisema masamva, yaani mizimu ya wahenga, Wahaya walimtaja Mugasha, mungu wao wa ziwa, na ndugu zetu wa pwani walipiga ngoma za kupunga pepo. Qur'ani imelieleza jambo lenyewe katika Suratul Jinn, aya ya 6, kwamba walikuwapo watu waliokuwa wakijikinga kwa majini, nao hawakuwazidishia ila uzito. Waliokimbilia huko walitafuta amani wakarudi na hofu kubwa kuliko waliyokwenda nayo, kama wewe ulivyorudi safari ile ya mwisho.

Sasa wale waliokaa vibarazani Makoroboi. Watu wetu wengi hudhani kwamba majini hukaa misituni, mapangoni na visiwani tu, na kwamba mji wenye taa za barabarani na bodaboda zisizolala haukaliki kwao. Dhana hiyo si sahihi. Salman al-Farisi, Allah amridhie, aliusia kwamba ukiweza usiwe wa kwanza kuingia sokoni wala wa mwisho kutoka, kwani huko ndiko kwenye uwanja wa vita wa shetani na huko husimika bendera yake. Mtume (s.a.w.) alituamuru kuwazuia watoto ndani jua linapozama kwa kuwa mashetani hutawanyika wakati huo, na alitufundisha kujikinga kila tuingiapo chooni. Yote hayo ni mafundisho ya watu wanaoishi katika nyumba, mitaa na masoko. Majini wapo Mwanza, na miongoni mwao wamo Waislamu na wasiokuwa Waislamu. Lakini kuwapo kwao ni jambo moja na wewe kuwaona ni jambo jingine, kwa maana Allah amesema katika Suratul A'raf kwamba shetani na kabila lake hutuona kutoka pale tusipowaona. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba wale wa vibarazani walikuwa majini. Kijana anayefanya kazi sokoni usiku kucha, akapita mitaa hiyo hiyo alfajiri akiwa amechoka, hubeba kichwani sura nyingi za watu waliokaa gizani. Mtume (s.a.w.) ameigawa ndoto mara tatu: iliyo bishara kutoka kwa Allah, inayohuzunisha kutoka kwa shetani, na ile ambayo mtu anajisemesha mwenyewe. Ninachokiona katika maelezo yako ni mchanganyiko wa ya pili na ya tatu.

Hapa nataka tukae, mwanangu, kwa sababu hapa ndipo moyo wako ulipo. Hebu litazame lile shati la mistari. Baba yako alikuwa mtu mzima aliyeishi, aliyekuwa na nguo ya kazi na nguo ya Ijumaa, aliyekuwa na mwendo wake na namna yake ya kugeuza shingo akiitwa. Aliyesimama ufukweni hakuja na lolote katika hayo. Alikuja na kile ambacho wewe tayari unacho, yaani picha iliyopo nyumbani kwenu ambayo umeitazama tangu utotoni. Kama angekuwa yeye, kwa nini asiwe na jambo hata moja la sura yake ambalo picha haikulichukua?

Utaniambia: na lile jina la utani? Inawezekana ulilisikia ukiwa mdogo, mama akilitaja mbele ya shangazi au jirani, likazama ndani yako pasipo wewe kujua. Na inawezekana pia kwamba ulichezewa na aliyelijua. Imesahihishwa katika kitabu cha hadithi cha Muslim kwamba kila mmoja wetu amewekewa mwenzake katika majini, na si ajabu mwenzake huyo akasikia yanayosemwa nyumbani. Kusema kweli mara moja hakumfanyi msemaji kuwa mkweli. Abu Hurayra alipokuwa akilinda chakula cha Zaka, alijiwa usiku kwa usiku na mwizi aliyekuja kumfundisha Ayatul Kursiyyu, na Mtume (s.a.w.) akamwambia: "Amekusemesha kweli, ilhali yeye ni mwongo." Yule alikuwa shetani. Zingatia pia hadithi ya kwamba anayemuona Mtume usingizini amemuona kweli, kwani shetani hawezi kujifananisha naye. Hifadhi hiyo amepewa yeye. Sura ya baba yako, na yangu, na ya sheikh yeyote, haikupewa hifadhi hiyo. Mwanachuoni Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, ameeleza kwamba watu waliokuwa katika shida walimwita wakamuona amewajia, naye akawabainishia kwamba hakuwa yeye, bali ni shetani aliyejitia katika umbo lake.

Basi baba yako yuko wapi? Allah amesema katika Suratul Mu'minun kwamba nyuma ya waliokufa kuna barzakh, kizuizi, mpaka siku watakayofufuliwa. Wafu hawarandi Mwanza. Hawasimami mkabala na Jiwe la Bismarck kungoja watoto wao walale mchana. Meli ile ilizama tarehe 21 Mei 1996, ikiwa inakuja Mwanza kutoka Bukoba, na inakadiriwa kuwa watu zaidi ya 800 waliangamia; baadhi wamelala katika makaburi ya Igoma na wengine hawakuopolewa kamwe. Najua uzito wa kutokuwa na kaburi la kusimama mbele yake. Lakini mwenye elimu ya mahali alipo kila mmoja wao hakupoteza hata mmoja. Na Mtume (s.a.w.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, amemhesabu mwenye kufa kwa kuzama majini miongoni mwa mashahidi. Baba yako Muislamu aliyekufa ziwani anatarajiwa daraja hiyo, na mganga aliyekuambia kwamba hajapumzika amemsemea maiti neno ambalo hana dalili nalo hata ya ukubwa wa kichwa cha dagaa.

Kuhusu huyo mbuzi sina maneno mengi. Allah amemlaani mwenye kuchinja kwa ajili ya asiyekuwa Allah, nayo ni hadithi sahihi ya Ali bin Abi Talib. Usichinje, usitupe, na usirudi kwake, maana mwenye kumwendea mpiga ramli akamuuliza jambo, Sala yake haikubaliwi siku arubaini. Kama ulishamlipa, ziache fedha hizo. Nawe sali kama kawaida, kwa kuwa wajibu wa Sala haukuondoki, na ulete toba.

Lile la kukaliwa kifuani watu huliita jinamizi, na madaktari wanalijua. Katika usingizi wa ndoto mwili hulegezwa usitende yale unayoyaota. Akili ikiamka kabla mwili haujafunguliwa, mtu huona chumba chake halisi huku hawezi kuinua kidole, na mara nyingi huhisi kuna mtu. Wanaofanya kazi usiku, wasiolala vya kutosha na wanaolala chali hupatwa nalo zaidi, na wewe umeyakusanya yote matatu, ukaongeza na ngoma masikioni. Sikatai kwamba shetani anaweza kuipata hofu hiyo akaitumia. Lakini likijirudia nenda ukamuone daktari, wala hakuna upungufu wa imani katika kufanya hivyo.

Kwa hiyo jibu la swali lako la mwisho ni kwamba huruhusiwi kuendelea. Ifute sauti hiyo kwenye simu leo, kabla hujalala. Utokapo Mwaloni asubuhi, oga, tawadha, lala ubavu wa kulia, soma Ayatul Kursiyyu, kisha soma Ikhlas, Falaq na Nnas ukipuliza viganjani na kujipangusa, kama alivyofanya Mtume (s.a.w.) kila alipokwenda kulala. Kama ile sura ya ufukweni itakujia tena bila wewe kuiita, usiisemeshe. Utakapoamka tema mate mepesi kushotoni mara tatu, jikinge kwa Allah, geuka upande wa pili, wala usimsimulie mtu. Bwana mmoja alimweleza Mtume (s.a.w.) kwamba ameota kichwa chake kimekatwa kinabingirika naye anakifukuzia, akaambiwa asiwasimulie watu jinsi shetani alivyomchezea usingizini.

Na kama unataka kumfikia baba yako kweli, njia ipo na haipiti kwenye kalavati. Sa'd bin Ubada alifiwa na mama yake akiwa hayupo, akamuuliza Mtume (s.a.w.) kama sadaka itamfaa, naye akamwambia ndiyo. Imepokewa pia kwamba alipouliza sadaka iliyo bora aliambiwa ni maji. Wenzako wanaobeba magunia usiku huona kiu, nawe unajua wanavyohangaika kutafuta maji safi ya kunywa saa tisa za usiku. Nunua ndoo yenye bomba na mfuniko, ijaze kila jioni, nuia thawabu zake zimfikie baba, uiweke pale mnapopumzikia. Huna haja ya kuandika jina juu yake.

Jambo moja limebaki, nalo ni mama. Ulimuuliza lile jina, akalia, kisha naona mazungumzo yakaishia hapo. Rudi kwake. Mueleze kwamba hutazitafuta tena habari za baba ufukweni, na umuombe akusimulie yeye: alikuwa anapenda kula nini, alikuwa anasali msikiti gani, safari ile alikuwa anarudi kufanya nini, na lile shati la mistari alilinunua wapi. Msikilize mpaka amalize, hata kama itakuchukua siku nzima ya mapumziko. Wallahu a'lam.